Chembe sahani za mama zimeshuka, kwa nini bado anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63. Wiki tatu zilizopita aliwekewa stenti, kile kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, kwenye mshipa wa moyo, akaruhusiwa na aspirini pamoja na klopidogreli, na hajakosa kidonge hata kimoja. Juzi maumivu ya kifua yalirudi, akalazwa, na usiku huohuo akatundikiwa dripu ya heparini. Kesho yake jioni tukaambiwa chembe sahani zimeshuka kutoka 231,000 hadi 84,000 na kwamba ana "aleji ya heparini". Heparini wameiondoa, ila wameweka dripu nyingine, argatrobani, ambayo nayo ni ya kuzuia damu kuganda, na vile vidonge viwili bado wanampa. Naogopa atavuja damu. Je, aspirini na klopidogreli hazikupaswa kumkinga? Au ndizo zilizoleta haya, nimwambie aziache? Akija kuhitaji upasuaji wa moyo itakuwaje? Na sisi watoto tumerithi?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na umfikishie mama pole zangu.

Nianze na lisiloweza kusubiri. Usimwambie aache aspirini wala klopidogreli. Stenti ya wiki tatu bado iko wazi ndani ya mshipa, ngozi laini ya ndani haijamaliza kuifunika, na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha mgando, zikiigusa hunata na kurundikana. Mwezi wa kwanza ndio ambao stenti huziba ghafla zaidi kuliko wakati mwingine wowote, na ikiziba huleta mshtuko wa moyo unaoua wengi. Huenda ikafika siku kimoja cha vidonge hivyo kikaondolewa, nitaeleza mbele, lakini huo ni uamuzi wa daktari wa moyo na daktari wa damu wakiwa na majibu ya vipimo mkononi.

Sasa hilo neno "aleji". Silipendi hapa, kwa sababu mtu akilisikia huwaza vipele, macho kuvimba, pumzi kubana, kisha dawa ikiachwa mambo yamekwisha. Kinachoshukiwa kwa mama ni kitu cha namna nyingine. Wodini watakiita HIT, yaani kupungua kwa chembe sahani kunakosababishwa na heparini, na hatari yake kubwa ni damu kuganda mahali isipotakiwa. Najua linasikika kinyume. Dawa ya kuzuia mgando inaleta mgando, na chembe zinazogandisha damu zimepungua huku damu ikizidi kuganda. Hata madaktari waliotutangulia liliwachanganya: mwaka 1958 Weismann na Tobin, huko Marekani, waliripoti wagonjwa 10 ambao ateri zao ziliziba wakiwa kwenye heparini, na ilichukua miaka mingi kabla ya watu kukubali kwamba mkosaji ni dawa yenyewe.

Hivi ndivyo inavyotokea. Ndani ya chembe sahani mna protini iitwayo PF4, yenye chaji chanya. Heparini ina chaji hasi, tena nyingi. Zikikutana kwenye damu hung'ang'aniana, na PF4 ikishabanwa hivyo hubadilika umbo. Mfumo wa kinga, ambao umeishi na PF4 miaka yote bila kugombana nayo, sasa unaiona kama mgeni na kuitengenezea kingamwili. Kikulacho ki nguoni mwako: kinachoshambuliwa ni protini ya mama mwenyewe iliyovalishwa heparini. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1992 na Amiral na wenzake, nchini Ufaransa.

Hadi hapo bado hakuna madhara. Wengi wanaopewa heparini hutengeneza kingamwili hizi na wasiugue chochote; kwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo kwa mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, wanaweza kufika nusu. Ubaya huanza pale kingamwili zenye nguvu zinaposhika rundo la PF4 na heparini kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili zikachomeka mkia wake kwenye kipokezi maalumu kilicho juu ya chembe sahani. Kipokezi hicho ni kama swichi. Kikibonyezwa, chembe huamka, hurusha vipande vidogo vidogo vinavyochochea mgando, na humwaga PF4 nyingine, ambayo nayo hushikana na heparini na kuita kingamwili zaidi. Seli nyingine za damu na za kuta za mishipa nazo huvutwa, na mwisho wake ni mafuriko ya thrombini, kimeng'enya kinachogeuza damu ya maji kuwa donge.

Kwa hiyo unapoona 84,000, usidhani mwili umeshindwa kutengeneza chembe sahani. Zimetumika. Nyingine zimo ndani ya madonge, nyingine zimeondolewa na wengu na ini baada ya kuvikwa kingamwili. Ndiyo maana katika HIT namba hiyo mara nyingi husimama kati ya 20,000 na 100,000, na mgonjwa havuji damu. Kinachomfika ni mguu kuvimba kwa donge, donge kukimbilia mapafuni, kiharusi, au kidole kugeuka cheusi. Mgonjwa mwenye HIT ambaye anaondolewa heparini tu bila kupewa kingine badala yake ana uwezekano unaokaribia nusu wa kupata donge ndani ya mwezi mmoja. Moto ulikwishawaka, kuondoa kiberiti hakuuzimi.

Hiyo argatrobani unayoiogopa ndiyo maji ya moto huo. Inakamata thrombini moja kwa moja, haifanani na heparini hata kidogo kwa umbo, na kingamwili za mama haziitambui. Ina uzuri mwingine: dripu ikifungwa, nguvu yake hupungua kwa nusu ndani ya dakika zisizozidi 50 hivi, mradi ini liko sawa. Ini likiwa na matatizo hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kama mama aliwahi kuwa na ugonjwa wa ini na hamkulisema, semeni leo. Madaktari wengine wangetumia bivalirudini, hasa kwa mgonjwa anayerudi kwenye chumba cha kupitisha katheta (mrija mwembamba unaoingizwa mshipani), au danaparoidi, au fondaparinuksi, au vidonge kama rivaroksabani na apiksabani mgonjwa akishatulia. Zote njia ni moja: kuzuia mgando bila heparini.

Viwili visivyotakiwa kwa sasa uvijue pia. Kwanza, zile heparini ndogo za sindano ya tumboni, kama enoksaparini. Ni kweli huanzisha HIT kwa nadra zaidi kuliko heparini ya dripu, lakini ugonjwa ukishaanza, kingamwili huzishika vilevile. Pili, warfarini. Siku za mwanzo hupunguza protini C, ambayo ni breki ya asili ya mgando, kabla haijapunguza vigandishi vyenyewe vya kutosha. Kwa mtu mwenye HIT mbichi inaweza kuozesha ngozi au mguu mzima. Husubiriwa chembe sahani zirudi 150,000 au zaidi.

Tuje kwenye swali lako lililonifurahisha, maana hata madaktari wanafunzi huniuliza. Kama klopidogreli na aspirini kazi yake ni kuzituliza chembe sahani, mbona hazikuzuia zisiamshwe?

Fikiria chembe sahani ni chumba chenye milango mingi, na kila mlango ukifunguliwa chembe huamka. Aspirini hufunga mlango mmoja, wa thromboksani. Klopidogreli hufunga mwingine, ule ambao kemikali iitwayo ADP huupitia; prasugreli na tikagreloli hufunga huohuo, kwa nguvu zaidi. Kingamwili za HIT zinaingilia mlango wa tatu kabisa, na mlango huo hauna kufuli katika vidonge vyote viwili. Si kwamba klopidogreli haisaidii chochote: chembe iliyoamshwa na kingamwili hutoa ADP kuwaita wenzake, na ukiziba njia hiyo wito unapungua sauti. Maabara imeonyesha hivyo. Lakini thrombini inaendelea kumiminika, na thrombini ina mlango wake wa nne. Kwa sababu hiyo hakuna anayetibu HIT kwa aspirini na klopidogreli peke yake, na hakuna anayesema mgonjwa yuko salama kwa vile anazimeza. Mama anazihitaji kwa ajili ya stenti. Argatrobani anaihitaji kwa ajili ya HIT. Ni kazi mbili tofauti zilizokutana kwenye mwili mmoja.

Je, vidonge hivyo vinaweza kuwa ndivyo vilivyoleta mshuko? Usione aibu kuuliza, hata daktari makini lazima ajiulize. Klopidogreli, kwa nadra sana, imehusishwa na ugonjwa uitwao TTP. Mwaka 2000 waliripotiwa wagonjwa 11, wengi wao wakiwa wameitumia kwa wiki mbili au pungufu. Lakini TTP ina sura yake: chembe nyekundu za damu hukatikakatika na kuonekana vipandevipande chini ya hadubini, mgonjwa huishiwa damu, pengine huchanganyikiwa. Mtaalamu wa maabara akitazama tone la damu ya mama kwa dakika chache tu ataona kama vipande hivyo vipo. Aspirini kwa kawaida haishushi hesabu. Inazifanya chembe ziwe nzito kuamka, idadi inabaki palepale.

Kuna mshukiwa wa tatu ambaye familia nyingi hazijui hata kama alipita. Wakati wa kuweka stenti, au sasa maumivu yaliporudi, wakati mwingine hutolewa dawa kali ya mshipani dhidi ya chembe sahani: eptifibatidi, tirofibani, na zamani absiksimabu. Hizi zinaweza kuangusha chembe sahani ndani ya saa chache, mara nyingi chini ya 20,000, na hapo hatari inakuwa kuvuja damu kwelikweli. Matibabu yake ni kinyume na ya HIT, kwa hiyo ulizeni: "Mama alipewa dawa yoyote ya jamii hiyo, siku ile au juzi?" Jibu likiwa hapana, mzigo unabaki kwa heparini. Halafu lipo kosa dogo la maabara ambalo limewahi kunitoa kitandani saa nane usiku: kwa baadhi ya watu, kemikali ya EDTA iliyomo kwenye kichupa cha damu huzifanya chembe sahani zishikamane, mashine ikahesabu chache kumbe zipo tele. Damu ikirudiwa kwenye kichupa cha sitrati, mshuko unayeyuka. Dakika tano za kazi.

Sasa siku. Kwa kawaida HIT huonekana kati ya siku ya tano na ya kumi tangu heparini ianze, kwa vile mwili unahitaji muda huo kutengeneza kingamwili. Mama alishuka chini ya saa 24. Mtu asiyemjua angesema haiwezekani. Lakini wiki tatu zilizopita alipowekewa stenti, karibu hakika alipewa heparini, kwa sababu ndiyo dawa inayotumika zaidi katika kazi ile. Kingamwili zilitengenezwa akiwa nyumbani, hamna heparini ya kushikana nayo, hakuna aliyejua. Juzi heparini iliporudi ilizikuta zimekaa zinasubiri. Hali hii tunaiita HIT ya haraka, na huwapata waliopewa heparini ndani ya siku 100 zilizopita, hasa 30 za mwisho. Wengine hutetemeka kwa homa na baridi ndani ya nusu saa tangu dripu ianze. Kama mama alipata mtetemeko usiku ule na mkadhani ni malaria au wasiwasi, mwambieni daktari, ni ushahidi.

Madaktari hupima shaka hii kwa maswali manne: chembe zimeshuka kiasi gani, zimeshuka lini, kuna donge jipya, na kuna sababu nyingine. Kila swali hubeba alama 0 hadi 2. Nikimhesabia mama kwa maelezo yako tu, mshuko umepita nusu bila kufika chini ya 20,000, hiyo 2. Muda unalingana, 2. Donge jipya hukulitaja, 0. Sababu nyingine, tuseme 2 kama hakuna ile dawa ya mshipani wala maambukizi makali. Jumla 6 kati ya 8, na kuanzia 6 shaka ni kubwa. Mgonjwa mwenye alama 3 au chini karibu kamwe hana HIT, na huyo ningempinga mtu anayemnyima heparini bure. Kwa mama, waliotoa heparini bila kungoja majibu ya maabara walifanya sawa.

Majibu yenyewe yatakuja kwa hatua mbili. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili dhidi ya PF4 na heparini. Kikiwa hasi, HIT karibu inafutika. Kikiwa chanya, usikimbilie kuhukumu, kwani nilishasema wengi wanazo na si wagonjwa. Angalia ukubwa wa namba, kwa kuwa kadiri ilivyo juu ndivyo ushahidi unavyozidi. Kipimo cha pili, kile cha serotonini au kinachofanana nacho, huchukua maji ya damu ya mama na kuyaweka pamoja na chembe sahani za mtu mzima wa afya, ili kuona kama zitaamka. Chembe zinazopimwa si za mama, kwa hiyo kumeza kwake klopidogreli hakukifanyi kipimo hicho kuwa bure. Nalisema kwa sababu nimesikia mgonjwa akiambiwa aache vidonge siku tatu "ili kipimo kisome vizuri". Tafadhali, hapana.

Hofu yako ya kuvuja damu siipuuzi. Dawa tatu kwa pamoja zinazogusa mgando, kwa mama wa miaka 63, si mchezo. Mtazameni choo: kikiwa cheusi kama lami, mwite muuguzi saa hiyohiyo. Vivyo hivyo mkojo mwekundu, kichwa kuuma ghafla kwa namna asiyoijua, maneno kukwama. Ufizi kutoka damu kidogo au alama ya bluu pale sindano ilipoingia si jambo la kuwatoa roho. Ulizeni kama anapewa dawa ya kulinda tumbo, na kama ni omeprazoli, ulizeni kama pantoprazoli ingefaa zaidi, kwa kuwa omeprazoli hupunguza ile hatua ya ini inayoiwezesha klopidogreli kufanya kazi. Na akishahamishiwa kidonge cha kuzuia mgando, madaktari wengi hupendelea kumwachia kidonge hicho na klopidogreli, kisha kuiondoa aspirini mapema, ili zisibaki tatu kwa miezi. Hicho cha kuzuia mgando atakitumia angalau hadi chembe zirudi na kutulia, mara nyingi wiki kadhaa zaidi. Kama donge lilipatikana, miezi mitatu au zaidi. Kuongezewa chembe sahani kwa mfuko hakutakiwi kama havuji damu.

Sasa kazi yako wewe unayeketi kando ya kitanda. Heparini ina njia nyingi za kurudi kwa mlango wa uani. Nakumbuka mgonjwa mmoja ambaye chembe zake zilikataa kupanda kwa siku nne tangu dripu iondolewe. Tulibadilisha dawa, tukapima maambukizi, tukakosana. Siku ya tano mkufunzi wa wauguzi aliona bomba la sindano kwenye trei: kila zamu ilikuwa inasafisha katheta yake kwa maji ya heparini, kiasi kidogo ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa dawa. Kwa HIT kiasi hicho kinatosha. Kwa hiyo ulizeni katheta inasafishwa kwa nini (maji ya chumvi yanatosha), kama katheta yenyewe imepakwa heparini, na kama mama akihitaji kusafishwa damu kwa mashine, mashine itaendeshwa bila heparini. Jina la heparini liandikwe kwa herufi kubwa kwenye faili, na mama apewe kadi ya kubeba mkobani.

Upasuaji wa moyo, ukihitajika, unawezekana. Kingamwili hizi zina tabia ya ajabu: hazidumu. Katika wagonjwa waliofuatiliwa, nusu yao hawakuwa nazo tena baada ya siku 50 hadi 85 kutegemea kipimo kilichotumika, na baada ya siku 100 zinakuwa zimetoweka kwa walio wengi. Upasuaji unaoweza kungoja, ungojwe hadi vipimo viwe hasi. Hapo heparini inaweza kutumika kwa saa zile za mashine ya moyo na mapafu tu, kabla na baada yake itumike dawa nyingine. Usioweza kungoja unafanywa kwa bivalirudini. Akihitaji kupitishiwa katheta tena kwa ajili ya stenti, bivalirudini inatosha, na hapo sioni sababu ya kumjaribu kwa heparini hata miaka ikipita.

Kuhusu ninyi watoto: hapana. Huu si ugonjwa unaopimwa kwa ndugu, na hakuna sababu ya mmoja wenu kunyimwa heparini siku akiihitaji kwa ajili ya yaliyompata mama.